Gari Lisilovuta Mbele

Wanaume wakienda kununua gari la mtumba, hufungua boneti. Sijui wanatafuta nini humo. Wanainama juu ya injini iliyosafishwa kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, wanamwambia mwenye gari akanyage mafuta, wanasikiliza macho nusu yamefumbwa kama watu wanaoonja pombe, kisha wanasema, "Injini iko vizuri." Baada ya hapo wanapiga tairi teke, na ukaguzi umekwisha. Nimeendesha pikapu ya kubeba dagaa kutoka mwaloni kwa miaka mingi, nimelala chini ya gari kwenye kila aina ya matope, na sijawahi kuona gari lililokufa kwa kukosa teke.

Mdogo wangu naye alifungua boneti.

Alikuwa amekuja na mkewe kutoka kijijini kwetu mpaka Mkuyuni, kwenye yadi ya magari. Kijiji chetu kiko ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka na masika hugeuka ugali. Masika ya mwaka uliotangulia wifi yangu alishikwa na uchungu, wakakodi gari dogo, likanasa katikati ya mbuga. Alijifungua humo humo, kwenye kiti cha nyuma, na mtoto akafa kabla watu hawajafika kuwatoa. Sasa alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshashuka, na mawingu yalishaanza kukusanyika upande wa ziwa. Ndiyo maana walitaka gari la foo wili, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Rangi, redio na viti yalikuwa mapambo.

Dalali aliyetuonyesha gari alikuwa mtu wa manukato na kucha safi. Mtu wa magari mwenye kucha safi simwamini hata akiniambia leo ni Jumamosi. Alimwita mdogo wangu "mheshimiwa", akaniita mimi "mama", na wifi hakumwita kitu.

"Hii ilikuwa ya mzungu wa mgodini, mheshimiwa. Haijawahi kuona barabara mbaya."

Hapa Mwanza hakuna gari la mtumba ambalo halikuwa la mzungu wa mgodini, na lile ambalo halikuwa lake lilikuwa la padri. Sijui hao wazungu walikuwa wangapi, na wote walikuwa wakiendesha taratibu hivyo kwenda wapi.

Kilichoniudhi zaidi ni huyu wa tumbo moja nami. Ng'ombe anajua kumkagua. Mnadani humtembeza, huinama kutazama kwato, humwangalia akigeuka kushoto na kulia, na hajawahi kumnunua ng'ombe aliyelala. Lakini gari, alikuwa tayari kulinunua likiwa limesimama, kwa sababu mlangoni lilikuwa na maandishi makubwa ya kusema lina foo wili. Nilimwambia dalali alete ufunguo.

"Si bora mheshimiwa aendeshe mwenyewe, mama?"

Nilipanda, nao wote wakapanda.

Hatukufika mbali. Nikiachia mafuta na kukanyaga tena, chini kulikuwa na mlio, kok, kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Krosi, vile viungo vya chuma kinachozungusha magurudumu, zilikuwa zimelika. Nikiongeza mwendo, difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya magurudumu, inaanza kuimba, sauti nyembamba isiyokoma. Dalali aliisikia pia, maana aliongeza redio. Nikaizima. Akasema hilo gari lina spika nzuri sana.

Lakini hayo hutengenezeka. Mimi nilitaka kujua jambo moja, nikaliteremsha gari mpaka ufukweni, pale mchanga ulipo mwingi, nikasimama. Niliwaambia wifi na mdogo wangu washuke watazame magurudumu. Nikaingiza gia ya foo wili. Taa ndogo ikawaka mbele yangu.

"Umeona taa?" dalali alisema. "Inafanya kazi."

Taa huwashwa na waya. Nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba mchanga na kuurusha mpaka majini, gari likakaa chini kama kuku anayetaga.

"Ya mbele hayazunguki, wifi," mke wa mdogo wangu alisema. Ndiye peke yake aliyekuwa anatazama nilichosema watazame.

Nilizima gari, nikajifunga kanga vizuri, nikaingia chini. Ile propela ya mbele, chuma kirefu kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, haikuwepo kabisa. Mahali pake palikuwa pamefungwa kipande cha mpira wa tyubu, safi, kama kidonda kilichofungwa bandeji.

Dalali hakuona aibu hata kidogo. "Ah, hiyo tumeitoa makusudi. Inakula mafuta bure. Mjini hapa nani anaitumia?"

Huu ni ugonjwa wetu, siwezi kumtwika yeye peke yake. Mtu ananunua gari linalovuta kwa magurudumu manne, kisha anampelekea fundi alipunguze yabaki mawili, ili liokoe mafuta. Ni sawa na kununua maksai ukamkata miguu ya mbele asile majani mengi. Na watu wanapeana ushauri huo kwa sauti ya hekima, wamekunja mikono.

Nilitoka chini nikidhani tumemaliza. Nikamkuta mdogo wangu anatabasamu.

"Kwa hiyo halili mafuta?"

"Linanusa tu," dalali alisema.

"Una akili kweli wewe?" nilimuuliza. "Umesahau tunatafuta nini?"

"Dada, si mvua zikianza tutairudishia?"

"Iko wapi?"

"Iko kwa fundi," dalali alidakia.

"Fundi yuko wapi?"

"Nyegezi."

Nikasema twende Nyegezi sasa hivi. Fundi akawa amesafiri.

Nilibishana na mdogo wangu mpaka wavuvi waliokuwa wanakuja kutusukuma wakasimama kusikiliza. Mwishowe alisema ukweli wake. Alikuwa ameshakitangazia kijiji kizima kwamba anarudi na gari. Watu walikuwa wanamsubiri njia panda. Angeshukaje kwenye basi, mikono mitupu? Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimdharau siku ile kwa moyo wangu wote, na nilimwambia hivyo.

Wifi hakubishana. Alitoa mfuko wake wa nguo kwenye kiti.

"Wewe nenda nalo," alimwambia mumewe. "Mimi nabaki kwa wifi."

Akabaki kwangu Pasiansi. Mdogo wangu alilipa, akaondoka akipiga honi.

Mvua zilikuja kwa hasira. Uchungu ulipomshika wifi nilimpeleka hospitali kwa pikapu yangu inayonuka dagaa, kwa lami, na hatukukwama popote. Alijifungua mtoto wa kike mwenye sauti ya mnadi. Nilipompigia simu baba yake, alikuwa tayari njiani. Kisha simu yake ikawa haipatikani.

Alitokea wodini kesho yake mchana, kwa miguu na kwa basi, matope yamemkaukia mpaka mapajani. Gari lilikuwa mbugani, limezama mpaka milangoni. Nilikuwa nimemwandalia maneno, ya kutosha mpaka Krismasi. Alisimama miguuni pa kitanda, hakumtazama mtoto kwanza, alimtazama mkewe.

"Nimekaa humo tangu jana jioni mpaka asubuhi," alisema. "Kila nikigeuka naangalia kiti cha nyuma."

Alianza kulia, bila sauti, mikono imening'inia.

"Nawa mikono kwanza," wifi alisema, "ndipo umshike."