Taa Isiyojua Kusimama

Filimbi ililia mara mbili nyuma ya mgongo wangu, kisha sauti ikaamuru: "Ndugu, simama!"

Nikasimama. Taa ya baiskeli ikazimika papo hapo, kwa kuwa ilitegemea dainamo, na dainamo haitoi umeme gurudumu likitulia.

"Ahaa! Umezima ili tusikuone!" alisema mgambo wa zamu, mama mwenye kanga kiunoni na rungu mkononi.

"Sikuzima, mama. Imezimika kwa sababu mmenisimamisha."

"Basi iwashe."

Nikapanda, nikakanyaga. Mwanga ukatanda barabarani. Filimbi ikalia tena. "Unatoroka wapi? Simama!"

Giza lilikuwa ndiyo kwanza limeingia Manzese, na wanunuzi wa mihogo ya kukaanga wakasogea kutazama. Mimi, niliyekuwa nikisomea shahada ya pili, nikajaribu kufikiri kwa utaratibu: nikitii amri ya kusimama, sina taa, nikitii ya kuwasha, mimi mtoro.

Balozi wa nyumba kumi akaitwa. Nikainua gurudumu la nyuma, naye akazungusha pedali kwa mkono. Taa ikammulika mama usoni.

"Si hiyo? Taa anayo," akasema balozi.

"Anayo akikimbia tu. Hata mwizi huwa hodari akikimbia! Baiskeli italala kwako, balozi, mpaka mwenye baiskeli aseme."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimeshakiri kwamba baiskeli ilikuwa ya mjomba, aliyeniazima kwa sharti moja: siku nikikutwa gizani bila taa, mbele ya malori ya Barabara ya Morogoro, ataichukua. Bila baiskeli hiyo nisingezifikia familia nilizokuwa nikizihoji kwa ajili ya tasnifu.

Muuza vitambaa jirani alikuwa na simu dukani. Nikatunga sentensi ya kufungulia mazungumzo, nikaikataa kwa kuwa ilikuwa na neno "mgambo". Nyingine ilikuwa na "kukamatwa". Iliyobaki ilikuwa kweli tupu, nayo ilitisha kuliko zote. Nikapiga.

"Shikamoo, mjomba. Taa ni nzima, ila nimeshikwa nayo."

"Marahaba. Hebu nipe huyo aliyekushika."

Balozi akaupokea mkonga wa simu, akajinyoosha kama anayezungumza na mkuu wa wilaya.

"Ndiyo, mzee... Inawaka, mzee, nimeizungusha mwenyewe mpaka bega linauma... Haya, aende nayo... Hapana, mzee, kosa hana. Taa ilikuwa inawaka vizuri kabisa mpaka tulipomsimamisha."