Asali ya Oshun

Harufu ya asali hunirudisha utotoni Lewisham, London, kwenye kijito nyuma ya nyumba zetu. Jirani yetu Mnaijeria alitamani mtoto, akaenda hapo kijitoni kumwomba Oshun, mungu wa kike wa mto wa kwao. Mimi nilimbebea chupa ya asali.

“Onja kwanza, mwanangu.”

“Mama kanikataza kudokoa cha mgeni.”

Akacheka. “Mgeni huyu, Oshun, aliwahi kutiliwa sumu kwenye asali. Asali isiyoonjwa haipokei.”

“Leo nimefunga Ramadhani, anti. Mara yangu ya kwanza.”

“Basi nionje mimi.”

Akachovya kidole, akalamba, kisha akaimimina majini taratibu.

“Oshun atajuaje kama uko London?”

“Na Mungu wako anajuaje kama umefunga?”

Nikainua viganja, nikamwomba Mungu ampe mtoto.