Rangi ya Majani Kwenye Simu Zao

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, alikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, na ndiyo niliyoitumia kujaribia programu yangu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya informatiki hapa Bunia na kazi sikupata. Yeye alikuwa akienda Tchomia, kando ya ziwa, mara mbili kwa juma kununua samaki wa kukaushwa na kuwauza sokoni. Kila safari alianza kwa swali moja: njia iko wazi leo, ama hapana?

Nikamtengenezea jibu. Programu ilikuwa na kitu kimoja tu, duara kubwa. Rangi ya majani, njia wazi. Nyekundu, ubaki nyumbani. Kila asubuhi nilikwenda kwenye maegesho ya pikipiki, nikawauliza madereva waliofika kutoka ziwani, kisha nikabadilisha rangi kwa mtandao.

Mwanzoni nilikuwa nimejaza picha za mitumbwi na maandishi marefu ya Kifaransa. Nikamkabidhi mama mkubwa simu, nikanyamaza, nimtazame. Alibonyeza picha ya mtumbwi mara tatu, hakikutokea kitu, akanirudishia.

"Hii iko ya watu wa biro," alisema, akimaanisha wa ofisini. "Miye nataka kujua njia."

Nikafuta yote, likabaki duara. Programu ikawa ndogo hata simu yake iliyojaa nyimbo za kwaya ikaweza kuibeba. Katika kazi ile yote hilo ndilo nililolifanya vizuri. Kila anayeniuliza leo namwambia hivyo: mpe simu mtu atakayeitumia, funga mdomo, tazama vidole vyake.

Kuiweka kwenye duka la programu mtandaoni sikuweza. Walitaka kadi ya benki, nami sina. Basi nikaipitisha mkononi, simu kwa simu, kwa Bluetooth. Mama mkubwa aliwapa wenzake, wenzake wakawapa wengine. Nilijiona mtu. Pale Saio tunapokaa, wanawake nisiowajua walinisalimu njiani.

Asubuhi moja mama mkubwa aliamka mapema, simu haina mega za kuingia mtandaoni. Akafungua programu na duara likamwonyesha rangi ya majani. Ilikuwa rangi ya jana. Simu isipofika kwenye mtandao ilikuwa inashika rangi ya mwisho, na mimi sikuandika popote kwamba habari ile ni ya siku gani, ya saa ngapi. Sikuwaza. Nilipokuwa kwenye maegesho nikisikia kwamba njia imefungwa, yeye alikuwa tayari juu ya pikipiki.

Walikutana na watu wenye bunduki mahali ambapo njia inashuka kuelekea ziwani. Dereva alijaribu kugeuza, wakampiga risasi. Pikipiki ilimwangukia mama mkubwa mguuni. Alilala pale, mguu chini ya chuma na dereva kando yake, hadi wanawake waliotoka shambani walipomtoa.

Nilimkuta hospitalini. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

"Haiko kosa yako, mutoto yangu," alisema. "Ilikuwa rangi ya majani."

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Afadhali angenitukana.

Siku ya mazishi ya dereva nilikaa nyuma kabisa. Mjane alikuwa bado msichana, mtoto yuko mgongoni. Hakuna aliyemwambia mimi ni nani, na mimi sikumwambia. Mpaka leo sijamwambia.

Baada ya hapo nilirudi kwenye kodi, yaani maandishi yanayoiendesha programu. Niliongeza saa na tarehe kwa herufi kubwa, na duara likawa linageuka rangi ya jivu baada ya saa chache bila mtandao. Kazi ya alasiri moja! Alasiri moja tu ilitosha, na sikuifanya kabla.

Lakini toleo jipya halikuingia. Simu zote zilikataa. Kila programu inatiwa saini kwa ufunguo wa siri wa aliyeitengeneza, na simu haikubali toleo jipya juu ya la zamani kama saini si ile ile. Ufunguo wangu ulikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani, ambayo umeme uliiunguza uliporudi kwa nguvu wiki chache kabla ya shambulio lile. Kodi nilikuwa nimeituma kwenye barua pepe yangu, ufunguo sikuutuma. Faili moja dogo, ningeweza kulinakili kwenye fleshi ya kaka yangu, na nakala nyingine kwa mama.

Nikageuza rangi kuwa nyekundu kwa wote na kuiacha hivyo. Ilifika kwa wenye mega. Wasio na mega walibaki na rangi ya majani, na hao ndio wengi.

Nikaanza kuzunguka sokoni, meza kwa meza, nikiwaomba wanawake wafute ile ya zamani, ndipo mpya iweze kuingia. Wengine walifuta. Lakini nilipokuwa nikiipitisha sikuandika nani kampa nani, na wengine wako Tchomia, wengine Djugu, wengine sijui wako wapi.

Mama mkubwa hatembei tena bila fimbo. Anauza makala, mkaa wa kupikia, mlangoni kwetu, na sokoni haendi. Mimi ninapiga chapa barua za watu kwenye sekretariati.

Wiki iliyopita nilisimama mbele ya mama mmoja anayeuza samaki wa moshi. Simu ilikuwa mapajani mwake, duara limefunguka, rangi ya majani.

"Mama, tafadhali, ufute hiyo. Inadanganya."

"Weye ni nani?"

"Ni miye niliitengeneza."

Alinitazama toka viatu hadi kichwa. "Kama ni weye, tengeneza tena muzuri."

"Haiwezekani juu ya hiyo, mama. Ufute ya zamani kwanza, nikupe mupya."

"Hii inanisaidia tangu mwaka jana," alisema, akaifunga kwenye kitambaa, akaiingiza ndani ya blauzi. "Nikifuta, nitabaki na nini?"

Nilimwambia habari ya mama mkubwa na ya dereva. Alisikiliza mpaka mwisho, akasikitika kwa kweli, akanipa pole. Simu hakuitoa. Kisha mteja akafika, naye akageuka kumpimia samaki.