Kibuyu Mbele ya Balozi

Wakati ule inchi, muto na feza, vyote vitatu vilikuwa na jina moja, Zaïre, na miye ndiye nilipewa kazi ya kuvieleza kwa wageni. Cheka kama unataka. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya primaire, mutoto wa Cimpunda, kule juu mulimani, na kila asubuhi nilikuwa nashuka mupaka Ibanda, katikati ya muji, viatu mukononi juu ya matope, nikihutubia peke yangu kwa Kifaransa. "Excellence, karibu kwetu. Excellence, inchi yetu ni kubwa." Mama mumoja aliyeuza makala pale kwenye kona aliniuliza kama ni mwanaume ndiye aliniharibu kichwa. Nikamwambia hapana, ni balozi.

Na ilikuwa kweli. Balozi wa inchi moja ya mbali, inchi iliyotutumia wataalamu wa mupunga kule kwa bonde ya muto Ruzizi, alikuwa anakuja Bukavu kujua mambo ya kwetu. Mukubwa wa culture wa mukoa, citoyen mumoja (neno monsieur lilikuwa limekatazwa) wa koti ya abacost ya kijivu, muzaliwa wa mbali ambaye hakujua Mashi, luga yetu, hata neno moja, alitafuta mutu wa kusema mbele ya mugeni. Akanisikia nikifundisha, dirisha wazi, sauti yangu ikifika barabarani. Akaingia, akanipatia hotuba iliyotoka Kinshasa: historia yote, ngoma zote, na inchi rafiki moja moja.

"Ikipita muzuri," aliniambia, "utaenda Kinshasa, kwa foire. Mikoa yote itaonyesha vitu vyao mbele ya mabalozi wote. Lakini nafasi iko moja tu, citoyenne."

Kinshasa! Toka siku ile usingizi ulinikimbia. Ndani ya hotuba kulikuwa sehemu nzima ya ule muto Zaïre unaopita Kinshasa: upana wake, visiwa vya majani vinavyoelea, mitumbwi, samaki. Nilikuwa naisema kwa utamu sana, utafikiri nilinyweshwa maji yake nikiwa mutoto. Uongo mutupu. Maji niliyojua miye ni ziwa yetu na Ruzizi, basi. Niliwaeleza watu inchi nzima wakati mwisho wa inchi niliyoiona ulikuwa Uvira. Nilitaka kuona ule muto kwa macho yangu kuliko nilivyotaka bwana, na maman alilijua hilo, likamukasirisha.

Maman wangu alikuwa anauza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, pale nyumbani. Citoyen alipouliza ni nani atamuletea balozi kinywaji cha kienyeji, nilijibu mbele ya wote: kwetu. Maman alijifanya kunung'unika, lakini alichagua ndizi yeye mwenyewe, akazifukia yeye mwenyewe, na hakuna mutu aliruhusiwa kusogelea ile shimo. Kibuyu alikisugua mupaka kikangaa. Siku yenyewe alivaa pagne yake ya Pasaka na akashuka mulima kichwa juu, miye nyuma yake nikirudia maneno yangu.

Sasa lazima nieleze kitu kimoja. Kwetu, mutu anayekupa kinywaji anaonja yeye kwanza, na wewe unaona. Hata akiwa dada yako wa tumbo moja. Huku sumu inaogopwa kuliko radi. Ukinipa bila kuonja, umekwisha kuniambia kitu, na watu waliosimama pale wamekwisha kukisikia.

Salle ya mikutano ilijaa. Kulikuwa vitunga, ngozi, kofia za Barega zenye kushonwa na simbi, muzee mumoja na lulanga yake, zeze ya kwetu, na wachezaji wa animation, ngoma ya kusifu chama, waliotokwa jasho mbele ya kuanza. Balozi alikuwa mutu mufupi, wa miwani, wa kusikiliza kweli. Nilisema, ee, nilisema! Nilipofika kwa muto nilifungua mikono, na nikaona amefungua midomo kidogo. Niliposoma majina ya inchi rafiki na kufika kwa yake, watu walipiga makofi na yeye akainama. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kupanda ndege.

Basi ikafika saa ya kasiksi. Maman alikaribia polepole, akapiga magoti kidogo, akapeleka kibuyu kwa mudomo wake.

Citoyen akamushika mukono. "Maman, hapana. Hatuwekake mudomo kwa kitu ya balozi. Ni haya." Akamunyang'anya kibuyu, akakipanguza na kitambaa chake, akamupa balozi kwa mikono miwili.

Wamama waliokuwa pa mulango wakaangaliana. Maman alibaki amenyoosha mikono, hakuna kitu ndani. Nilijua yote pale pale: mbele ya jua kushuka, Kadutu yote, mitaa yetu ya mulimani, ingesema fulani alipelekea mugeni kasiksi bila kuonja. Neno kama lile halitokake. Linakufuata sokoni, linakufuata kwa kilio, na hakuna tena mutu atakunywa kwako. Nilijua pia kwamba nikimuhaibisha citoyen, Kinshasa imekwenda. Balozi alikuwa amekwisha kuinua kibuyu.

Nikatembea mupaka kwake, nikakitoa mikononi mwake, nikakunywa. Si kuramba, kukunywa. Nikamupa maman, naye akakunywa akimuangalia mugeni machoni. Kisha maman akamurudishia.

"Citoyenne!" mukubwa aliita.

Nikasema kwa Kifaransa: "Excellence, kwetu mwenye kutoa ndiye anatangulia. Kama kuna ubaya ndani, utupate sisi kwanza. Urafiki wa kwa karatasi nimekwisha kukusomea. Wa kwetu ni huu."

Balozi alitazama kibuyu, akatutazama sisi wawili, akakunywa mupaka miwani ikapanda. Akageukia mukubwa wangu. "Miaka yote niko hapa Zaïre, nimekunywa kwa meza ya wakubwa wengi. Hakuna hata mumoja aliyeonja mbele yangu. Sasa munanitia woga."

Salle ilipasuka kwa kicheko. Citoyen naye alicheka, meno tu. Lakini pa mulango alinishika kiwiko. "Kinshasa, sahau. Mutu wa kunyang'anya balozi hapandake ndege."

Nilipanda Cimpunda nikilia bila kujificha. Maman alisonga bugali, akaniwekea. "Ungeacha," alisema. "Maneno ya watu nimezoea."

"Miye sijazoea," nikamujibu, na nikakula kwa hasira.

Siku ya Mungu, baada ya misa, nani anapanda kilima chetu? Citoyen mwenyewe, abacost imejaa matope mupaka magotini. Nilipanguza kiti kwa pagne yangu. Nilijua amenijia.

"Balozi ameomba," alisema bila kuniangalia. "Kule kwa foire anataka kasiksi, na anataka wenzake waone namna inatolewa. Nafasi iko ile moja." Akakohoa. "Nimekuja kwa ajili ya maman."

Maman alicheka. Alipoona hakuna mwingine anacheka, akageuka kwangu. "Aende mutoto. Miye Kifaransa sijui, mwisho nilifika Kamituga."

"Balozi hakuomba Kifaransa, maman."

Nilisikia wivu, sitaficha. Na furaha pia, vyote pamoja, sikujua ni nini kinanitoa machozi. Nikasema: "Enda, maman. Lakini uniangalilie ule muto. Uangalie muzuri."

Aliporudi toka Kinshasa, sauti ilikuwa imekwisha kwa kusimulia njiani. Alinikalisha mbele ya wote. "Nilishuka mupaka pa maji, nikatia mukono. Haiko baridi sawa ziwa yetu. Iko na moto kidogo, na inakuvuta, sawa mutoto anakushika pagne. Ngambo kuko inchi ingine. Mama mumoja wa kule alivuka na vitu vyake vya kuuza. Tulionjeshana."

Wageni waliendelea kuja Bukavu, na miye niliendelea kuwapokea, miaka mingi. Ile sehemu ya upana na visiwa niliifuta. Nilikuwa nawaambia kwamba muto wetu ni wa moto kidogo ukitia mukono, na kwamba unavuta. Wengi waliacha kuandika, wakainua macho.

Siku moja mugeni mumoja akaniuliza: "Citoyenne, ulifika kule?"

"Maman alifika," nikamujibu, na nikaendelea na hotuba.