Sumu Ambayo Haikuwepo

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mbwa wangu alipochuchumaa pembeni ya ghala la mahindi akakojoa, na mkojo ukatoka na rangi ya chai iliyosahaulika jikoni. Nikacheka. Nilikuwa kijana wa kucheka kila kitu. Nikamwambia, "We binti, umekunywa chai ya nani?" Hakutikisa hata mkia. Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Nikamshika taya, nikamfunua mdomo. Fizi zake, ambazo siku zote zilikuwa nyekundu kama pera lililopasuliwa, zilikuwa nyeupe kama sufi. Na ule weupe wa macho ulikuwa umeingia manjano.

Jina lake Mtachoka. Usishangae, huku kwetu Masanze mbwa ndiye tarishi wa maneno ambayo mtu anaogopa kumwambia jirani usoni. Ukitaka kuwajibu wanaokusema, unasimama uani jioni unaita kwa sauti, "Mtachoka! Njoo Mtachoka!" na kila mwenye masikio anachukua fungu lake. Mimi nilimpa jina hilo kwa sababu watu walizoea kunicheka. Nilikuwa na elimu ya darasa la saba na ndoto za mtu wa chuo. Nilitaka kufuga mbwa wa kunusa nyayo, niwafundishe mwenyewe, siku moja niwapeleke Mikumi wakasaidie kusaka majangili. Mtachoka alikuwa mwanzo wa ndoto hiyo. Ficha soksi yangu katikati ya shamba la ufuta, atakuletea kabla hujamaliza kujikuna. Na msimu wa mahindi, nguruwe pori wote wa eneo lile walikuwa wakilijua jina lake.

Aliyenipa ni Mzee Masanja. Huyu alikuwa mfugaji, Msukuma, aliyehamia kwetu na familia yake na ng'ombe wake, akajenga ng'ambo ya mfereji. Mama yake Mtachoka, jike jeusi lenye sikio moja lililochanika, alikuwa mbwa wa boma lake. Siku aliyonikabidhi kile kitoto aliniambia, "Mchukue, mwanawane. Ila ukimlea vibaya atarudi mwenyewe kwa mama yake, na mimi sitamfukuza."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mguu wangu ulipoteleza.

Wiki moja kabla ya ule mkojo wa chai, ng'ombe wa Mzee Masanja waliingia kwenye mahindi yetu. Tukatukanana. Nasema tukatukanana kwa kujisitiri tu; aliyetukana ni mimi. Yeye alivua kofia akasema, "Nimekosa. Twende kwa mtendaji, atakalosema nitalifanya." Wakati anaondoka akamtazama Mtachoka aliyekuwa amelala kivulini, akasema, "Huyu binti mbona hakubweka ng'ombe walipoingia? Mwangalie, hayuko sawa."

Alikuwa ameona ugonjwa kabla yangu. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye mahindi.

Basi asubuhi ile, hata uso sijanawa, nikaenda kijiweni, pale kwenye benchi la kahawa ambapo vijana walikuwa wakishinda. Nikasema, "Masanja kamlisha mbwa wangu sumu."

Hamisi, rafiki yangu tangu utotoni, akaniuliza, "Umemwona?"

"Nimwone wa nini? Wiki iliyopita kasema mwenyewe hayuko sawa. Amejuaje?"

"Mh! Hapo kweli. Amejuaje?"

"Hawa watu wa ng'ombe hawa," akadakia mwingine, "leo mbwa, kesho mtoto."

Mwanangu, sitakuficha. Nilisikia raha. Siku zote nikifungua mdomo pale watu walikuwa wakisema, "Haya, bwana mbwa, leo umeota nini?" Siku ile nilisikilizwa. Walinisogezea benchi, wakanimiminia kahawa. Asali ya kusikilizwa ni tamu kuliko ya nyuki, na inalevya kuliko gongo. Nikaongeza chumvi. Nikasema nimeona nyayo za makobazi ya Masanja karibu na bakuli la mbwa. Sikuwa nimeona nyayo zozote.

Kisha nikamfunga Mtachoka kwenye kanga ya bibi yangu niliyekuwa nikiishi naye, nikapanda naye bodaboda mpaka Kilosa mjini kwa afisa mifugo. Alikuwa dada mdogo kuliko nilivyotarajia, mkali kidogo, mwenye vidole vya upole. Alimfunua fizi, akamsaka kupe mpaka katikati ya vidole, akamtoa damu akaitazama kwenye hadubini. Halafu akadondosha tone moja kwenye kioo, akalichanganya na maji ya chumvi ya kitabibu, akakiinamisha mbele yangu.

"Unaona?"

Niliona. Damu ilikuwa imekatika vipande vidogo vidogo kama maziwa yaliyoganda vibaya.

"Ni sumu," nikasema.

"Nani kakwambia sumu?"

"Kuna mtu..."

"Kaka, hapa hakuna mtu. Kila mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Askari wa huyu wamechanganyikiwa. Wanaikamata damu ya mwenyewe wakidhani ni adui, wanaiua. Hiyo ndiyo inatoka kwenye mkojo."

"Nani kawachanganya?"

"Wakati mwingine ugonjwa wa kupe, nao sijauona. Wakati mwingine dawa. Mara nyingi hatujui. Ila ningekuwa wewe nisingemshika mtu shati."

Akanipa vidonge vya kuwatuliza hao askari. Akaniambia ni safari ya miezi, dozi itapunguzwa kidogo kidogo, na nikikatisha ghafla kwa sababu tu nimemwona anarukaruka, nitamzika. Mwisho akasema neno ambalo sikulipa uzito: "Vidonge hivi vitampa njaa ya ajabu. Atataka kula mpaka kamba. Mfunge, asizurure akaokota vitu."

Nikarudi. Nikampa dawa, asubuhi na jioni, nikimfichia ndani ya ugali. Siku za kwanza alikuwa hawezi kusimama, nilimbeba kwenda kukojoa kama mgonjwa wa binadamu, na bibi akawa ananicheka, "Mjukuu wangu, ukioa utambeba hivyo mkeo?" Kila asubuhi nilifunua zile fizi. Nyeupe. Nyeupe. Halafu asubuhi moja, kama mtu aliyedondosha tone la damu kwenye maziwa, nikaona rangi ya waridi. Nililia, mwanangu. Kijana mzima nilipiga magoti uani nikalia.

Bibi aliniacha nilie nimalize. Yeye alizaliwa kwenye kambi ya mkonge, baba yake alikuja kutoka mbali kukata mkonge wa wazungu, na alikua katikati ya watu wa makabila mengi waliolazimika kuvumiliana. Alinisogezea kigoda.

"Kwa hiyo ni damu yake mwenyewe. Si Masanja."

"Si yeye, Bibi."

"Na kule kijiweni umewaambia?"

"Bado."

"Ulienda kule kusema uongo hata uso hujanawa. Leo una uso msafi, miguu ndiyo imevunjika?"

Nikajichekesha. Nikamwambia nitaenda Jumamosi, vijana wote wakiwepo, nilimalize mara moja.

"Leo Jumanne," akasema. "Unadhani neno lako limekaa kwenye benchi linakungoja? Lina miguu lile. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii sijui litakuwa tumbo la nani." Akanyanyuka akaenda kupepeta mchele wake.

Ningeweza kwenda. Kijiwe hakikuwa mbali. Unatoka kwetu, unapita mashine ya kusaga, umefika. Lakini nilikumbuka ile kahawa. Nilikumbuka zile nyayo za makobazi nilizozitunga. Nikiwaambia ukweli, nitarudi kuwa yule bwana mbwa wa kuchekwa. Nikasema, Jumamosi.

Ijumaa asubuhi Mtachoka alikuwa na nguvu mpaka anavuta kamba. Nikaona nimjaribu kidogo, nione kama pua yake imerudi. Nikamfungua. Nikaingia ndani kutafuta soksi. Kutafuta soksi tu, mwanangu. Nilipotoka uani palikuwa na kamba peke yake.

Nikaenda njiani nikiita jina lake, "Mtachoka! Mtachoka!" Nikakutana na Hamisi karibu na mfereji, anatabasamu mpaka masikioni.

"Usiwaite tena kwa mafumbo, kaka. Leo wamechoka kweli. Tumekulipizia."

"Mmelipiza nini?"

"Nyama, na ile dawa ya wadudu. Tumeitupa kwenye njia ya boma lake. Kwani yeye alikuhurumia?"

Nilivuka mfereji kwa kuruka, nikaangukia magoti, nikanyanyuka nikakimbia.

Nilimkuta Mzee Masanja amepiga magoti kwenye vumbi, kibuyu cha maziwa mkononi. Yule jike jeusi mwenye sikio lililochanika alikuwa ameshakauka. Pembeni yake Mtachoka anatetemeka, mate yanamtoka kama povu la sabuni. Alikuwa amekwenda kwa mama yake, na ile njaa ya vidonge ikamwelekeza kwenye nyama.

Mzee hakuniuliza kitu. Hata shikamoo yangu hakuisubiri. Alisema tu, "Mshike kichwa, mwanawane. Mshike vizuri asipaliwe." Nikamshika. Akammiminia maziwa, akamimina mkaa uliosagwa kwenye maji, akamsugua kifua kwa viganja vyake vikubwa. Tulihangaika naye mpaka jua likawa la utosi. Kisha ule mtetemeko ukaacha.

Kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo nilivyofanya kila asubuhi, nilimfunua mdomo.

Fizi zilikuwa nyekundu, mwanangu. Nyekundu kama pera. Ile damu ilikuwa imepona.

Tulichimba shimo moja, tukawalaza mama na mwana. Tulipomaliza nikamweleza Mzee Masanja yote: mkojo wa chai, kahawa, nyayo za uongo, ile Jumamosi yangu. Yeye alikuwa ananawa mikono, na aliendelea kunawa muda mrefu baada ya mikono kutakata. Halafu akasema:

"Nilisikia. Mke wangu aliambiwa kisimani siku ile ile. Vijana wangu wakataka kuja kwenu na fimbo, nikawakatalia. Nikawaambia, huyu kijana namjua, nilimpa mbwa kwa mkono wangu. Atakuja mwenyewe." Akakung'uta maji. "Nikakungoja."

Neno hilo moja. Angenichapa bakora ningeshapona.

Nilikwenda kijiweni mchana ule ule kusema ukweli. Unajua walinijibuje? "Masanja kakupa ndama gani?" Hamisi akasema nimerogwa. Uongo wangu waliupokea baada ya swali moja tu. Ukweli wangu waliutakia ushahidi. Mzee hakushtaki kwa mtendaji, hakutukana mtu. Kabla ya mvua aliondoa ng'ombe wake na familia yake, akaelekea upande wa Kidodi. Miaka mingi baadaye nilimtafuta, nikampata nje ya Ruhembe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa maziwa. Tuliongea habari za mvua. Habari za mbwa hakuuliza, nami sikuthubutu. Na Mikumi sikupeleka mbwa hata mmoja. Bakuli la Mtachoka bibi alilifanya la kuku.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanasema chawa. Siku hizi nakumbuka lile tone kwenye kioo. Wale askari hawakuwa wabaya. Waliwekwa kulinda, ila walimkamata wa kwao wakadhani ni mgeni, na walikuwa na hakika. Na mimi nilikuwa na hakika. Yule mzee alikuwa damu yetu, na mimi ndiye niliyempigia kelele za adui. Mbwa ana vidonge vya kuwatuliza askari wake. Kijiji sijui kina vidonge gani, zaidi ya mtu mmoja kusimama mapema na kusema, "Nimekosea."

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mnyama wako akiugua, mpeleke kwa mwenye ujuzi kabla hujaupeleka ulimi wako kijiweni. Na siku hizi kijiwe mnakibeba mfukoni, mnaandika kwa kidole kimoja na kijiji kizima kinasoma. Usitaje jina la mtu kwa kitu usichokiona. Na ikitokea umelitaja, maana sote ni wa kuteleza, rudi siku ile ile, mahali pale pale, useme kwa sauti ile ile uliyosemea uongo. Usingoje watu wajae. Usingoje upate uso mzuri. Aliyesingiziwa anakungoja, hata kama hasemi, na huijui siku atakayochoka kungoja.

Mungu akupe ulimi mzito wa kushtaki na miguu myepesi ya kuomba radhi. Akupe jirani wa kukukabidhi kitoto cha mbwa kwa mkono wake, na wewe akujalie usimrudishie kaburi. Nenda salama, mwanangu, na Jumamosi yako iwe leo.