Theluji Iliyonichoma Jicho la Kazi

Nawasalimu nyote mnaopitisha macho hapa, wazima na wagonjwa. Mimi ni Mama Rehema, mpigapicha wa Hombolo, Dodoma. Kabla ya haya nilikuwa na macho ambayo, nawaambieni, yangeweza kuhesabu mbuzi wa Kongwa nikiwa nimesimama mlangoni kwangu. Msimu wa mahafali huwa natundika kitambaa changu cha kupigia picha kule ukumbini Chimwaga, kimechapwa mlima wenye theluji, na wahitimu wanapanga foleni na majoho yao.

Siku moja binti mmoja akaniuliza, "Mama, hii ni theluji kweli au pamba?"

Nilicheka, lakini swali likanikaa. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa na watoto watatu, na jiografia niliifaulu. Ila theluji niliijua kwenye karatasi tu. Nikamwambia mume wangu kwamba mwezi wa sita, kipupwe, napanda Kilimanjaro nikapige picha yangu mwenyewe.

"Wewe unayevaa sweta mbili kwa upepo wa hapa?"

"Nitavaa kumi."

Kule mlimani aliyeniongoza alikuwa kaka Aminieli, mzaliwa wa hukohuko. Siku ya tatu kichwa kiligonga, nikatapika mpaka pilau la Idi iliyopita. Tukapumzika siku nzima. Asubuhi ya siku ya tano tukafika juu.

Jamani! Weupe ule haukuwa mmoja. Penye kivuli ulikuwa na ubuluu, penye jua ulimeta, na upepo ulikuwa umeuchora mistari kama shuka iliyotoka kulaliwa. Nilipiga picha elfu tano. Basi niseme mia tatu, nisije nikaulizwa. Miwani nyeusi niliivua, maana ukiivaa theluji inakuwa na rangi ya chai. Jicho la kulia likakaa kwenye kamera, la kushoto nikalifumba.

"Dada, miwani," alisema Aminieli.

"Nakuja, kaka. Moja tu."

Hiyo moja ilichukua saa nzima.

Jioni, tukiwa tumeshashuka kambini, macho yakaanza kuwasha kana kwamba mtu amenimwagia mchanga. Mimi mtoto wa Dodoma, mchanga machoni ni jambo la kila wiki. Nikafanya tunavyofanya nyumbani: nikashika pindo la kanga, nikalipulizia pumzi lipate joto, nikaanza kusugua.

"Dada, usisugue! Hilo si vumbi, ni jua la theluji. Fumba macho tu."

"Kaka, mimi vumbi nimezaliwa nalo. Vumbi nalijua."

Nikaendelea kusugua, zaidi la kulia, maana ndilo lililouma zaidi.

Kulipokucha kope zilikuwa zimevimba kama nyanya. Machozi yalitoka na usaha wa njano, na mwanga kidogo tu ulinichoma mpaka kisogoni. Nilishuka mlima mzima mkono wangu ukiwa begani kwa Aminieli. Hakunisimanga hata neno moja, na hilo liliniuma kuliko macho.

Hospitalini daktari wa macho, mama mpole, aliangalia kwa muda mrefu.

"Jua limeunguza macho yote mawili. Hilo lingepona kwa siku chache. Lakini hili la kulia umelichubua mwenyewe, na kidonda kimeingia vijidudu."

"Nitaona, daktari?"

"La kushoto, ndiyo. La kulia, siwezi kukuahidi."

Bibi yangu alipofuka kwa ugonjwa wa vikope, nikamwongoza mimi kwenda kisimani. Kwa hiyo nilijua vizuri ninachoogopa.

Nikarudi Hombolo. Mume wangu alinitia dawa kila saa, akigeuza mkeka nisielekee mwanga na kunishika kidevu kama mtoto. "Tulia, mpanda mlima," ananiambia, na mimi nacheka huku nalia. Jirani alikuja na dawa yake ya majani. Mume wangu akamshukuru sana, akamsindikiza nayo mpaka kwake. Wiki ya pili, kwa jicho la kulia, niliona kivuli cha mkono wake. Wiki ya tano nikaona kucha zake, nikamwambia azikate.

Nilimpigia Aminieli kumwomba radhi. "Nilikuona kijana tu," nilimwambia. "Niliona haya kufundishwa."

Akasema, "Yameisha, dada. Jicho linasemaje?"

Alhamdulillahi, ndugu zangu. Namshukuru Mungu, yule daktari, mume wangu na lile bega. Wewe unayesoma, ukifika mahali ambapo mwili wako haujawahi kukanyaga, kubali kuwa mwanafunzi. Jicho likikuwasha, usilitibu kwa ujuzi wa kwenu. Lifumbe, umsikilize mwenyeji.

Daktari anasema ukungu kidogo utabaki. Ushuhuda huu nimeuandika kwa makusudi nikiwa nimefumba la kushoto, kwa jicho la kulia peke yake. Mistari imekwenda upande kidogo, lakini imefika.