Mama Bisibisi, fundi anayesikia kwa meno

Saa mbili asubuhi, Mama Bisibisi ameuma injini.

Si utani. Ameinama juu ya injini kuukuu iliyofungwa kwenye stendi ya chuma katikati ya gereji yake. Injini inanguruma. Ncha ya bisibisi ndefu ameigusisha kwenye chuma, na mpini wake ameung'ata kwa meno ya mbele. Macho ameyafumba, mwili wote unatetemeka mpaka hereni. Mteja mgeni anaingia, anamtazama, kisha anarudi nje kusoma kibao upya.

"Kimya!" anamfokea mwandishi huyu, ambaye hajasema neno.

Ana miaka hamsini na miwili, na nusu ya hiyo ameimalizia humu gerejini. Ukuta mmoja tu unamtenganisha na wanyoosha bodi, watu wanaogonga mabati kutwa kucha. Nyundo zao ndizo zilizomla masikio. Kwanza zilipotea sauti ndogo ndogo, za vali na za ringi. Mwishowe akawa hamsikii hata mumewe mpaka apaze sauti.

"La mume halikunisumbua," anasema. "La vali ndilo lililonitoa machozi."

Kisha siku moja, mikono yote miwili ikiwa imebanwa na kazi, alishika bisibisi kwa meno na ncha yake ikagusa injini inayowaka. Sauti ikamjaa kichwani. Haikupita masikioni, ilipita mifupani. Anasema alilia, akacheka, kisha akamfukuza mteja aliyekuwa akimshangaa. Tangu hapo hana jina lingine mtaani.

Injini iliyo kwenye stendi ni ya shemeji yake, mdogo wa mumewe. Shemeji huyo, kwa bahati njema au mbaya, ni daktari wa meno.

Daktari aliagiza gari la kujiunganishia mwenyewe. Lilikuja kwa vipande ndani ya makasha: fremu, bodi nyekundu ya faiba, viti viwili na kitabu cha maelekezo. Kila kitu kilikuwemo isipokuwa injini. Hiyo mnunuzi hujitafutia, na hapo ndipo ukoo ulipogawanyika.

Mama Bisibisi alitaka kuifufua injini ya gari la marehemu baba mkwe, iliyokaa stoo miaka mingi ikifuga panya. Daktari alikwishanunua injini ya kisasa, iliyotolewa kwenye gari lililogongwa nyuma.

"Mimi nataka kuwasha niende," anasema daktari. "Sitaki kubembeleza chuma kila asubuhi kama mtoto asiyetaka shule."

Injini hiyo ya kisasa ipo pembeni, juu ya mbao, safi, imefunikwa plastiki nyeusi kila upande.

"Imevishwa kama sofa la wageni," anasema Mama Bisibisi. "Ukiiuma unaonja plastiki. Haisemi na mtu, inasema na kompyuta."

Kompyuta nayo ina visa vyake. Fundi umeme wa jirani alipoiunganisha kwa majaribio, injini ilikataa kuwaka. Ilikuwa bado inautafuta ufunguo wa gari lake la zamani, inauliza na milango yake minne.

"Ni mjane ambaye hajakubali kwamba mume amekufa," anasema fundi umeme. "Lakini nikishaituliza, itakwenda miaka kumi bila mtu kuigusa."

Hapo Mama Bisibisi anaacha kucheka. Zamani alikuwa akifumua injini sita kwa mwezi. Siku hizi akipata mbili anashukuru.

Ugomvi ungeishia hapo, lakini siku moja, familia ikiwa mezani, Mama Bisibisi alicheka kwa kinywa chote. Shemeji yake akaweka kijiko chini. Jino moja la mbele lilikuwa na ufa, na jirani yake lilikuwa limelika pembeni.

"Unakula meno yako, shemeji," alimwambia. "Acha kuuma vyuma, uje nikutibu."

"Ukinitoa meno umenitoa masikio! Nitabaki nafanya nini? Kushona vifungo na kaka yako?"

Kaka mtu, fundi cherehani ambaye kibanda chake kinatazamana na gereji, anasema aliendelea kula. Amejifunza.

Wakawekeana sharti. Mama Bisibisi aifufue injini ya mkwe wake. Ikiwaka bila mlio wa kugonga, ndiyo itakayofungwa kwenye gari jekundu, na daktari hatagusa mdomo wa mtu. Ikigonga, itafungwa ya kisasa, na yeye mwenyewe ataenda kukaa kwenye kiti cha daktari bila ubishi.

Akaifumua yote. Silinda zikachongwa, zikaingia ringi mpya na beringi mpya. Ilipowashwa ikaitika mara ya kwanza, na wanyoosha bodi wakaja kupiga makofi. Mama Bisibisi akauma.

Tak, tak, tak.

Akaifumua tena, asione kitu. Akaifunga, akauma. Tak, tak, tak. Akaifumua mara nyingine. "Nilianza kuota beringi," anasema. " Nilimwamsha mume wangu nikamwambia funga nati."

Asubuhi hii ni jaribio la mwisho, na daktari amefika mapema kama mtu aliyekuja kuchukua ushindi wake. Mama Bisibisi anatoa bisibisi mdomoni.

"Inagonga," anasema.

Anamwita mumewe naye aume. Fundi cherehani anauma kwa tahadhari. "Nasikia kama cherehani yangu," anasema, "ila hii imeshiba."

"Haigongi?"

"Mke wangu, hii inaimba."

Daktari anafuta mpini kwa spiriti, anauma, anasikiliza. Naye hasikii kinachogonga. Anazima injini, anamgeukia shemeji yake.

"Hebu fungua mdomo."

Anagusa jino lenye ufa kwa kidole. Linakwenda mbele, linarudi.

"Ndiyo hiyo!" anasema Mama Bisibisi, mdomo wazi. "Ndiyo tak yenyewe!"

Mumewe ndiye anayeanza kucheka, anacheka mpaka anakalia tairi. Injini nzima ilifumuliwa mara mbili kwa kosa la jino.

"Kwa hiyo nimeshinda," anasema Mama Bisibisi.

"Umeshinda. Injini ya mzee ndiyo itakayoingia. Lakini jino hilo, shemeji, ukilibana na mpini linachezacheza. Kuanzia leo litakudanganya kwenye kila injini."

Mama Bisibisi anakaa juu ya kasha na kufutafuta bisibisi yake kwa kitambaa. "Naogopa," anasema waziwazi. "Hilo ndilo ninalosikia nalo. Sijui kama mengine yanasikia." Lakini anakubali ling'olewe. Mengine yakisikia, ataifunga injini kwenye gari jekundu na kuendelea na kazi. Yasiposikia, atamwomba fundi umeme amfundishe kusoma kompyuta, hata ikibidi kuketi dawati moja na watoto.

Alhamisi anaingia kliniki akiwa amevaa vizuri kama mtu anayekwenda mahakamani. Mumewe amemshika mkono. Sindano inachomwa, jino linatoka, linawekwa kwenye kisahani. Mama Bisibisi analitazama na kugeuza uso.

Sasa ni zamu ya lile jino lililolika, ambalo halitang'olewa, litachongwa na kuzibwa. Daktari anawasha mashine ya kuchongea na kuigusisha. Mara mkono wa Mama Bisibisi unapanda juu.

"Maumivu?"

Anatikisa kichwa. Anaonyesha kwa kidole: washa tena. Anafumba macho. Mashine inalia juu ya jino lake, na machozi yanaanza kumtiririka. Mumewe anasimama kwa hofu, lakini yeye anatabasamu, pengo wazi.

"Beringi," anasema kwa midomo iliyokufa ganzi. "Beringi ya mashine yako imekwisha. Kesho nakuja na spana zangu."

"Haiwezekani," anasema daktari. "Mwaka wa nne huu naitumia, haijawahi kulalamika hata siku moja."

"Imelalamika sana, shemeji. Wewe hujaiuma tu."